Wanafunzi wanajua nyuzi darasani, nje wanapotea: dira ifundishwe vipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari wilayani Mufindi, na pia ni mlezi wa skauti. Kidato cha Pili nina wanafunzi 54 na dira 6 za bamba la plastiki. Darasani wanaeleza vizuri dira ni nini, na wanapima mwelekeo kwenye ramani kwa kipimapembe bila shida. Nikiwatoa nje mambo yanaharibika: kundi moja niliwapa nyuzi 60 wakaenda 240, wengine wanamfuata tu aliye mbele. Ningependa kuwachezesha mchezo wa kutafuta vituo kwa ramani na dira kwenye shamba la miti lililo jirani, lakini mkuu wa shule anahofia watapotea. Nianzie wapi? Na dira 6 zinatosha?

Jibu: Mwalimu, dira sita zinatosha, kwa hiyo usiupoteze muhula ukisubiri bajeti ya nyingine. Kinachokukwamisha ni kwamba dira moja inashikwa na mwanafunzi mmoja, na wanane wako nyuma yake. Hao wanane hawajifunzi dira, wanajifunza kumfuata mwenzao. Tena umewarukisha. Dira, umbali, ramani na msitu ni mambo manne mapya kwa siku moja, na mtoto akikosea huwezi kujua kakosea lipi. Yatenganishe. Matatu ya kwanza yana mazoezi yake kwenye uwanja wa mpira na ndani ya eneo la shule, unapowaona wote. Msitu uje mwishoni.

Nianze na hilo kundi lililotumwa 60 likaenda 240, maana kosa la nyuzi 180 kamili lina vyanzo vyake, na ukiwa umesimama mbali vyote vinafanana. Huenda mwanafunzi ameilaza ncha nyeupe ya sindano juu ya mshale wa kaskazini (ule uliochorwa ndani ya pete) mahali pa ncha nyekundu. Huenda ameishika dira kinyume, mshale wa safari (ule uliochorwa kwenye bamba) ukimwelekea yeye kifuani. Na huenda mtoto hana kosa lolote: sindano yenyewe imegeuka usumaku na ncha nyekundu sasa inaonyesha kusini. Hilo hutokea dira ikikaa karibu na sumaku, na siku hizi sumaku ziko kila mahali, kwenye spika, kwenye simu, hata kwenye mifuniko ya simu.

Kwa hiyo zikague dira kabla ya kuwalaumu watoto. Ziweke chini kwenye nyasi, kila moja umbali wa kama mita moja kutoka nyingine, kwa sababu sindano zikikaribiana huvutana. Subiri zitulie. Zote sita zielekee upande mmoja. Ikiwapo inayoelekea kinyume, itenge na uiwekee alama. Sindano iliyogeuka inaweza kurekebishwa kwa kupitishiwa sumaku yenye nguvu, ila isirudi mikononi mwa mwanafunzi mpaka umeilinganisha tena na zile nzima.

Kuna kasoro nyingine ambayo walimu wengi hawaijui, nayo inatupata sana huku kwetu. Usumaku wa dunia hauvuti sindano kwa mlalo peke yake, unaivuta pia kuelekea chini. Mahali sindano inapolala sawasawa ni kwenye ikweta ya sumaku, ambayo upande huu wa Afrika inapita kaskazini yetu, huko Ethiopia. Ulaya ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama, na watengenezaji wa dira za kule huisawazisha kwa kuongeza uzito kidogo upande wa kusini wa sindano. Dira hiyo ikifika Mufindi mambo yanageuka: hapa inayoinama ni ncha ya kusini, na uzito ule unaizamisha zaidi. Sindano inagusa sakafu ya kibweta chake na kukwama. Mwanafunzi anageuka nyuzi 40, sindano inageuka naye, na kwa macho yake kila kitu kiko sawa. Dira za msaada zilizotoka nje mara nyingi ziko hivyo. Ijaribu kwa kuishika mlalo na kugeuka polepole mzunguko mzima. Sindano ikienda kwa mishtuko, inakwaruza. Unaweza kuitumia kwa kuiinamisha kidogo mpaka iwe huru, lakini hilo si la kumfundisha anayeanza. Siku ukinunua mpya, mwambie muuzaji itatumika Afrika Mashariki: kuna zinazosawazishwa kwa kanda maalumu na kuna zinazofanya kazi kanda zote.

Halafu chuma. Usifundishe dira juu ya dawati lenye miguu ya chuma, wala chini ya paa la bati, wala karibu na ukuta wenye nondo, maana utafundisha uongo bila kujua. Uwanjani kaa mbali na magoli ya bomba. Siku hiyo isiwe ile waliyokuja na mapanga na majembe ya usafi, na anayeshika dira avue saa ya chuma. Wewe mwenyewe, Mwalimu, simu yako iweke mbali unapomwelekeza mwanafunzi. Ukipata nafasi wasimulie kuhusu Liganga, kule Ludewa, ambako mwamba wenyewe una magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku, na sindano haiwezi kuaminiwa. Wataelewa kwamba dira haijui kaskazini. Inafuata usumaku ulio karibu nayo.

Tofauti kati ya kaskazini ya kweli, iliko ncha ya dunia, na kaskazini ya sumaku, inakoelekea sindano, isikuumize kichwa kwa sasa. Katika eneo letu ni nyuzi chache tu, na kosa la nyuzi 1 linakutoa mita 17 hivi katika kilomita nzima. Kwa matembezi ya mita 200 mtoto atakosea zaidi kwa kukwepa kichaka. Fundisha hesabu yake darasani kwa ajili ya mtihani, uwanjani iache. Ila wakumbushe kwamba namba iliyochapwa pembezoni mwa ramani za zamani imepitwa na wakati, kwa kuwa kaskazini ya sumaku inahama mwaka hadi mwaka.

Sasa tutoke nje. Somo la kwanza hakuna kutembea. Wanafunzi wasimame kwa nafasi, dira ikishikwa mbele ya tumbo kwa mikono miwili, mlalo, mshale wa safari ukitazama mbele. Taja nyuzi. Wazungushe pete yenye namba za nyuzi mpaka namba hiyo ikae kwenye mstari wa kusomea, kisha wageuke wao wenyewe, kwa miguu, mpaka ncha nyekundu iingie ndani ya mshale wa kaskazini. Hapo kwenye kugeuka ndipo penye somo. Watoto wengi huganda miguu na kuzungusha dira mikononi kama usukani wa gari, na dira ikishakaa sawa wao wanatazama upande mwingine kabisa. Rudia mpaka kiwiliwili kizima kigeuke pamoja na dira. Kisha dai jambo moja zaidi: ainue macho, ataje kitu anachokiona mbele kwenye mstari ule, mti, nguzo, kona ya bweni. Tangu hapo anatembea kukifuata kitu kile. Anayetembea akiitazama sindano hupinda, na hujikwaa.

Somo la pili ni duara la herufi, na kama una muda wa zoezi moja tu, fanya hili. Asubuhi kabla ya kipindi simika kigingi katikati ya uwanja, pima mita 30 kwa kamba, na ukitumia dira uliyoikagua simika vigingi 12 kuzunguka, kimoja kila baada ya nyuzi 30. Kila kigingi kina herufi, zimechanganywa zisifuatane kialfabeti. Mwanafunzi anapewa karatasi yenye nyuzi tano, anaanzia katikati, anaikimbilia herufi, anaiandika, anarudi katikati kabla ya kwenda nyingine. Herufi tano zinaunda neno.

Uzuri wa duara ni kwamba jibu lenyewe linakuambia kosa. Aliyetumwa 60 akarudi na herufi ya 240 amegeuza sindano au dira. Aliyerudi na ya 300 amehesabu pete kinyume, kutoka kaskazini kwenda kushoto. Aliyerudi na ya 90 au ya 30 ameelewa, ila ametembea bila kulenga kitu. Vigingi vimeachana mita 15 hivi, kwa hiyo kosa dogo halimwangushi mtu, na kosa kubwa halijifichi. Wakizoea, vifanye 24.

Umbali hufundishwa peke yake, na hauhitaji dira. Pima mita 100 uwanjani. Kila mwanafunzi aende na kurudi kwa mwendo wake wa kawaida, akihesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Wa umri huo wengi wataangukia kati ya 60 na 80 kwa kila mita 100. Namba hiyo ni yake, aiandike kwenye daftari. Kisha wapeleke kwenye nyasi ndefu, na kwenye mteremko, wahesabu tena wakipanda. Itaongezeka, na wataona wenyewe kwa nini huwezi kuazima namba ya rafiki yako wala kutumia ya uwanjani ukiwa mlimani. Walimu wengi huruka sehemu hii kwa kuwa haina mbwembwe. Mimi naipa uzito sawa na dira yenyewe: mwelekeo usio na umbali unakuambia uende wapi lakini haukuambii usimame wapi, na wanaopotea wengi walipita kituo chao bila kujua.

Kisha unganisha viwili hivyo kwa pembetatu. Mwanafunzi anaweka kizibo cha soda kwenye nyasi, anatembea mita 40 kwa nyuzi 30, mita 40 kwa nyuzi 150, mita 40 kwa nyuzi 270. Akiwa sahihi atarudi kwenye kizibo chake. Ni zoezi maarufu na watoto hulipenda, lakini lina tundu: anayegeuza sindano kwa pande zote tatu naye anarudi kwenye kizibo! Pembetatu yake imefungika vizuri kabisa, upande usiokuwa wake. Ukitazama mwisho tu utampa alama zote. Kwa hiyo weka kigingi chenye alama kwenye kona ya pili, na udai ataje alama aliyoikuta. Kuhusu maksi, pima umbali kati ya aliposimama na kizibo. Kwa mita 120 alizotembea, kosa la mita 6 kwa mwanafunzi wa kidato hicho mimi nalikubali. Wakifika kwenye mada ya upimaji watakutana na kosa hilohilo la kufunga mzunguko, wakiwa tayari wameshalikanyaga kwa miguu.

Kuhusu idadi. Gawa 54 katika makundi matatu ya 18. Kundi moja linafanya dira, la pili hatua, la tatu linachora ramani ya eneo la shule. Katika vipindi viwili vya dakika 40 kila kundi linapita sehemu mbili. Ya tatu iende wiki inayofuata. Wale 18 wa dira wanakaa watatu watatu, na kila mmoja ana kazi. Wa kwanza anashika dira na hatembei. Wa pili anatangulia mbele, anaelekezwa kushoto au kulia kwa mkono mpaka asimame juu ya mstari. Wa tatu anahesabu hatua kumfikia. Kisha wote wanakutana, wanabadilishana kazi. Hapo hakuna wa kumfuata kiongozi, kwa kuwa kiongozi amesimama nyuma. Mtindo huo utaufurahia zaidi msituni, kwenye paini, ambako kila mti unafanana na mwenzake na hakuna cha kulenga: binadamu ndiye anayekuwa alama.

Ramani sasa. Zile za topografia za 1:50,000 ni nzuri kwa darasa na kwa safari ndefu, lakini kwa mchezo huu hazifai. Milimita moja ni mita 50, uwanja wako wote wa mpira ni milimita mbili. Hata wenye mchezo wao, watu wa Skandinavia, ambako shindano la kwanza la wazi lilifanyika karibu na Oslo mwaka 1897, msituni wanatumia ramani za 1:15,000 au 1:10,000, na za mashindano mafupi ya mjini ni 1:4,000. Wewe chora ya shule kwa 1:2,000. Eneo la mita 400 kwa 300 linaingia kwenye karatasi ya A4. Waichore wanafunzi wenyewe kwa dira na hatua zao: bweni, jiko, tangi la maji, njia, miti mikubwa, mtaro. Kwa kuwa imechorwa kwa dira, mistari ya kaskazini utakayoipiga juu yake ni ya sumaku moja kwa moja, na ile hesabu ya tofauti ya kaskazini inaondoka yenyewe. Ramani za orientiringi, ndilo jina la mchezo huu, hupigwa hivyo hivyo.

Wakiwa na ramani, kazi ya dira inabadilika kidogo. Mchezaji hodari hatembei na nyuzi muda wote. Anaitumia dira kuigeuza ramani ikae sawa na ardhi, kidole gumba kikiwa pale alipo, kisha anasoma njia, mitaro na kona. Nyuzi anazitumia mahali ambapo hakuna cha kusoma. Kwa hiyo wachezeshe kwanza kwa ramani tu ndani ya eneo la shule, kila kituo wakienda na kurudi katikati, hakuna aliye nje zaidi ya dakika kumi. Bendera za vituo shona kutoka mifuko ya salfeti na kitambaa cha rangi ya chungwa, zisimikwe asubuhi ya siku hiyo. Za jana utakuta zimekuwa mali ya wachunga ng'ombe.

Nitoke kando kidogo kuhusu jua, kwa sababu watakuletea tu. "Jua linachomoza mashariki" si kipimo cha kukagulia dira. Huko kwenu mwezi Juni linachomoza kama nyuzi 66, Desemba kama 114. Mashariki kamili ni karibu na Machi 21 na Septemba 23. Na vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinavyosema saa sita mchana jua liko kusini vitawapoteza: Mufindi, kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, saa sita mchana jua liko kaskazini. Wape skauti wako kazi ya mwaka mzima: kila mwezi wapime kwa dira mwelekeo wa kivuli cha mlingoti wa bendera jua linapochomoza. Kama mlingoti ni wa chuma, wapimie kwenye ncha ya kivuli, si shinani.

Mkuu wa shule ana haki ya kuhofu, na jibu lake lisiwe ahadi kwamba watakuwa makini. Mwonyeshe mpaka. Mashamba ya miti yana faida kubwa kwa kazi hii: yamegawanywa kwa barabara za kuzuia moto na za magari, kila kipande kina barabara pande zote. Chagua kipande kimoja kidogo, kizunguke wewe mwenyewe mapema, hakikisha pande zote nne zina barabara ambayo mtoto hawezi kuivuka bila kujua. Mwalimu au kiongozi wa skauti asimame kila upande. Kila mwanafunzi awe na mwelekeo wa usalama ulioandikwa nyuma ya kadi yake, kwa mfano: "Ukipotea, nenda nyuzi 90 mpaka barabara, kaa hapo, piga filimbi." Muda wa mwisho wa kurudi utajwe, na wahesabiwe wanapoingia na wanapotoka, hata aliyeshindwa kupata kituo chochote. Wanakwenda watatu, wanarudi watatu.

Kama shamba hilo ni sehemu ya Sao Hill, kibali kinatoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukienda kukiomba, uliza pia wapi wanavuna, wapi wamepuliza dawa, na hali ya moto, hasa miezi ya kiangazi. Sehemu inayovunwa usiikaribie kabisa. Juni hadi Agosti kuna ukungu wa asubuhi. Subiri uinuke, na usipoinuka ahirisha. Mwarifu pia mwenyekiti wa kijiji, maana watoto wanaokimbia na karatasi msituni huzua maswali.

Siku hiyo ya msitu waongezee mbinu moja, ya kukosea kwa makusudi. Kituo kikiwa kwenye kalavati la barabara mita 300 mbele, usiwaache walenge kalavati lenyewe, kwa kuwa wakiikuta barabara na kalavati halipo hawatajua waende kushoto au kulia. Watoe nyuzi 6 upande wa kushoto. Watatokea barabarani kama mita 30 kushoto mwa kalavati, na wote watajua kwamba sasa ni kulia. Weka angalau vituo viwili vinavyodai hilo, na kimoja ambacho hakionekani mpaka mtu awe karibu nacho kabisa, ili kuhesabu hatua kuwe na faida.

Kikosi gani kiingie kwanza? Usichague wenye mbio. Chukua wale waliofunga pembetatu kwa kosa la chini ya mita 6 na wakataja alama ya kona ya pili bila kubahatisha; wengine wabaki na duara la herufi wiki moja zaidi. Na jioni dira zirudi kwenye sanduku la mbao, kila moja kwenye kitambaa chake, mbali na kabati la chuma la ofisini.